Mwalimu wa Usangu Aanze na Ruaha

Mwanafunzi wa Mbarali husoma kwamba Ruaha Mkuu humwaga maji yake katika Rufiji, akakariri, akajibu mtihani, yakaisha. Hajui kwa nini mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wala hajui kwamba maji yanayopita kando ya majaruba ya kwao huelekea ardhi oevu ya Ihefu, kisha hifadhini, na mwisho hufua umeme Mtera na Kidatu, mitambo yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Wa kumfungua macho ni mwalimu, lakini naye mara nyingi anaujua mto kwa ramani tu. Kabla ya kuhimiza shule zipeleke watoto mtoni, tuwapeleke walimu.

Sababu kubwa ni kwamba habari za Ruaha zina ubishi. Mgawo wa umeme ulipobana miaka ya 1990, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 wafugaji wengi wakaondolewa bondeni, na 2008 sehemu ya eneo hilo ikaunganishwa na hifadhi. Hata hivyo, wapo watafiti waliopima maji wakatenganisha mambo mawili. Umwagiliaji wa kiangazi unaweza kuukausha mto hifadhini, lakini Mtera hujazwa zaidi na maji ya masika, na namna mabwawa yalivyoendeshwa nayo ilichangia upungufu. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atawarithisha wanafunzi lawama, na darasani mwake wamo watoto wa mkulima na wa mfugaji. Anayeijua atawafundisha kudai ushahidi kabla ya kuhukumu.

Wapo watakaosema mtihani hausubiri. Kweli, lakini mto hauongezi mada mpya, unazipa uhai zilizomo. Upana, kina na kasi ya maji vikizidishwa, mwanafunzi anapata ujazo unaopita kila sekunde: hiyo ni hesabu na fizikia kwa pamoja. Kibali cha maji na jumuiya ya watumia maji ni somo la uraia. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unadai umahiri, na umahiri hauji kwa kukariri. Wengine watataja gharama, mamba na madarasa yaliyofurika. Hoja hizo ndizo zinazotetea kuanza na walimu: ni wachache, na wakisharudi wanaweza kufundishia takwimu, picha na mchoro wa mfereji bila kumpeleka mtoto hata mmoja ukingoni. Zaidi ya hayo, mwalimu akihamishiwa Pangani au Kagera, mbinu ya kuuchunguza mto anahama nayo.

Hatuhitaji mradi mpya wa wafadhili. Utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, upo tayari, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi Iringa na kumbukumbu za vipimo vya mito. Halmashauri za bonde hili zitenge sehemu ya mafunzo hayo kwa ajili ya Ruaha, na walimu wakae na wapimaji wa maji, wakulima, wafugaji na askari wa hifadhi. Wakisikia upande mmoja tu, watarudi darasani na kasumba badala ya elimu.