Nusu kaputi: pimeni urefu jamani!

Wadau, mtu mnene akipigwa nusu kaputi, mashine ndiyo inampumulia. Kosa ni kumpimia hewa kwa kilo zake. Mapafu hayanenepi! Hewa hufuata urefu na jinsia. Mama wa sentimita 150 mwenye kilo 95 anahesabiwa kama wa kilo 43: kwa mililita 8 kila kilo ni 344, siyo 760 za kumuumiza mapafu. Mfupi mnene ndiye hatarini zaidi, na mkoani kwetu Njombe, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Basi, kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, tukidai mashine mpya (nami nadai), tuulizie na kipimo cha urefu. Hata tepu ya fundi cherehani inatosha.