Ukubwa si Hoja

Kiangazi, chembe ya vumbi jekundu la barabara ya Kasulu huonekana mahali pamoja tu: juu ya jani la mgomba au juu ya bati la duka, si juu ya vyote viwili kwa wakati mmoja. Msomi akiulizwa sababu, hujibu upesi kuwa chembe hiyo ni kubwa, na vitu vikubwa havifuati kanuni za kwanta zinazoitawala elektroni. Jibu hili limekaririwa mno hata likadhaniwa elimu. Katika mlinganyo alioutoa Schrödinger mwaka 1926 hamna kipimo ambacho kitu kikikipita huwa huru.

Jibu bora lilianzwa na H. Dieter Zeh wa Heidelberg mwaka 1970. Chembe haikai peke yake: hewa huigonga, mwanga huiangukia, na kila mgongano huondoka na habari ya mahali ilipo. Mwaka 1985 Erich Joos na Zeh walikokotoa kuwa hata mnururisho hafifu uliobaki tangu ujana wa ulimwengu, wenye digrii 2.7 tu juu ya sifuri kamili, watosha kuuvunja mwingiliano wa mawimbi ya chembe ya vumbi. Basi vumbi lina mahali pake kwa sababu ya jirani zake, si kwa unene wake.

Na ulimwengu wote je? Bryce DeWitt aliuandikia mlinganyo wa kwanta mwaka 1967. Hartle na Hawking wakapendekeza hali yake ya mwanzo mwaka 1983. Lakini ulimwengu hauna nje, wala jirani wa kuugonga, wala mpimaji asimamaye kando. Claus Kiefer mwaka 1987 na Jonathan Halliwell mwaka 1989 waliugawa ndani kwa ndani: upana wake ukawa kitu kinachochunguzwa, viwimbi vidogo vilivyomo vikawa mazingira. Kazi njema, walakini ni nani aliyepiga mstari kati ya viwili hivyo? Si mlinganyo. Aliupiga mwanahesabu, ajuaye tayari anachotaka kukiona. Hapo hoja huchechemea.

Tena, mazingira huzuia mawimbi yasiingiliane, hayachagui moja. Madoa ya joto yaliyoonwa na chombo COBE mwaka 1992 yana sura moja, ilhali hesabu huziacha sura zote. Pingamizi hilo Perez, Sahlmann na Sudarsky walilitoa mwaka 2006. Wanaojibiwa kwa nadharia ya Everett ya 1957 hupewa malimwengu mengi, nao waliuliza habari za mmoja.