FUNDI WA NYUMBANI: Pampu ya Kuhamishia Oili Chafu

Katika kila karakana ya magari, iwe ya kambini, ya kituo cha polisi, au ya raia mwenye malori mawili uani mwake, kuna pipa moja ambalo hakuna alipendaye. Ni pipa la oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini. Hujaa polepole, wiki baada ya wiki, hata siku moja likawa halipokei tena. Siku hiyo hapana budi yaliyomo yahamishwe, na aghalabu kazi hiyo hupewa kijana aliye mdogo kuliko wote, bila chombo na bila maelezo.

Pipa la kawaida la lita 200 likijaa oili huwa na uzito wa karibu kilo 200 pamoja na chuma chake. Watu wawili wakiliinamisha ili kumimina katika jerikeni, hulishika kwa dakika ya kwanza. Dakika ya pili oili hutapakaa sakafuni, na mara nyingine pipa huwaangukia miguuni. Wengine huingiza mpira na kuvuta kwa mdomo. Jambo hili lafaa likatazwe kabisa, hata kwa petroli. Mafuta ya aina hii yakiponyoka kooni huingia mapafuni, na humo huleta ugonjwa wa kichomi usiotokana na baridi wala vijidudu. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa yanaporudi juu ndipo yanapopata njia nyingine ya kuingia mapafuni. Apelekwe zahanati upesi.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ijapokuwa huonekana ya kitaalamu. Fundi huziba pipa, huacha bomba moja la kutolea oili, kisha huunganisha mashine ya kujazia matairi ili upepo usukume oili nje. Na itazamwe hesabu yake. Kifuniko cha pipa kina upana wa sentimita 57 hivi, yaani eneo la sentimita za mraba 2,550. Upepo ukifika kilo moja tu kwa kila sentimita ya mraba, kifuniko hicho husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Tairi la gari dogo hujazwa karibu mara mbili ya kiasi hicho. Pipa limetengenezwa kwa bati jembamba la kubebea mafuta, wala halikutengenezwa kubana upepo. Likifumuka, kifuniko huruka na kumkata aliye karibu, na oili yote humwagikia waliosalia.

Basi njia iliyo salama ni kuvuta oili kwa pampu, na pampu yenyewe haina haja ya kununuliwa mpya. Yamo ndani ya injini zilizokufa. Katika maduka ya vipuri ya Kisekka mjini Kampala, na katika lundo la vyuma la karakana yoyote kubwa, hupatikana pampu ya oili ya lori la zamani, ile yenye shafti yake. Magari mengi ya siku hizi yana pampu iliyovishwa moja kwa moja katika kranki ya injini. Hiyo haifai, kwa kuwa haina shafti ya kushikia hendeli.

Ndani ya pampu ya lori mna gia mbili zilizoshikana meno, zikibanwa na ukuta wa chuma. Moja huzungushwa na shafti, ya pili huifuata. Wengi hudhani kwamba oili hupita katikati, pale meno yanapokutana. Sivyo. Oili huchukuliwa katika nafasi iliyo baina ya meno na ukuta, hupelekwa kwa kuzunguka pembeni, na ikifika upande wa pili meno hukutana tena na kuikamua itoke. Kwa hiyo hata oili iliyo nzito kama uji huhama, mahali ambapo pampu ya maji yenye pangaboi ingezunguka bure. Oili namba 40 ikiwa na joto la digrii 40 hukinza kutiririka takriban mara 150 kuliko maji ya mtungini. Pampu ya maji ya bustani haikutengenezwa kwa mzigo huo, na anayeijaribu huunguza mota yake.

Pampu ikishapatikana, kazi ngumu iliyobaki ni moja: kuipa midomo ya kuvalia mipira. Mahali pake injinini haikuwa na mpira. Ilifungwa kwa bolti juu ya chuma. Mchomeleaji, kama wale wa Katwe, hukata vipande viwili vya chuma bapa, huvitoboa kulingana na bolti, na kuchomelea kipande kifupi cha bomba juu ya kila kimoja. Baina ya chuma na pampu huwekwa karatasi ya gasketi. Wapo wanaokata mpira wa ndani wa baiskeli badala yake, kwa kuwa upo na hauna gharama. Mpira huo hunywa mafuta, ukavimba na kulainika, na baada ya muda si mrefu pampu huanza kuvuta hewa badala ya oili. Fundi akabaki anailaumu pampu.

Mipira ya kupitishia oili ndiyo inayodharauliwa kuliko yote, na ndiyo inayoamua kama kazi itachukua nusu saa au siku nzima. Tundu la mpira likipanuliwa mara mbili, kwa msukumo uleule oili itakayopita si mara mbili wala mara nne, bali mara 16. Mwenye mpira wa milimita 12 na mwenye mpira wa milimita 25 hawafanyi kazi moja. Upande wa kuvutia, mpira uwe mfupi, mpana, na wenye waya ndani ya ukuta wake, la sivyo utajibana kama utumbo mtupu. Ncha yake ivishwe wavu wa matundu makubwa kiasi cha kuzuia nati, vipande vya matambara na vizibo, ambavyo pipa la oili chafu halikosi. Wavu mwembamba mno hapo huinyima pampu chakula. Chujio laini liwekwe upande wa kutolea.

Mpira usifike chini ya pipa. Uishie sentimita 10 juu ya kitako, kwa maana chini kabisa hukaa maji na tope la masizi na chembe za chuma. Pipa likitulia kwa wiki mbili bila kutikiswa, maji mengi hushuka yenyewe. Mifuniko yote miwili ya juu ifunguliwe: mkubwa wa kupitishia mpira, mdogo wa kuingiza hewa. Pipa lisilopumua hukataa kutoa, na likilazimishwa hubonyea.

Kabla ya kuanza, pampu ijazwe oili kidogo kwa mkono. Gia kavu hazivuti hewa vizuri, na husagana.

Kwa jerikeni chache, hendeli yatosha. Chukua pampu inayotoa sentimita za ujazo 20 kwa mzunguko: ikizungushwa mara 60 kwa dakika hutoa lita 1.2, na jerikeni ya lita 20 hujaa kwa dakika 17 hivi. Kwa pipa zima mkono utachoka, maana ni karibu saa tatu. Hapo hutumika mota ya umeme, lakini isifungwe moja kwa moja kwenye shafti. Mota yenye mizunguko 1,450 kwa dakika ivishwe puli ya inchi 2, na pampu ivishwe puli ya inchi 8, ziunganishwe kwa mkanda. Pampu itazunguka kama mara 360, na pipa litakwisha kwa nusu saa. Mkanda ufunikwe, kwa ajili ya mikono ya watoto na ncha za khanga. Mota iwe ya aina isiyo na brashi zinazotoa cheche, kwani oili chafu mara nyingi huwa na petroli ndani yake. Na bomba la kutolea lisifungwe wakati pampu inazunguka: pampu ya gia haijui kukoma, itapasua mpira au itavunja shafti.

Oili ikiwa nzito asubuhi, pipa lianikwe juani na kazi ifanywe alasiri. Asiwashe mtu moto chini yake. Wala pipa tupu lisikatwe kwa moto wa gesi. Mvuke uliobaki ndani hulipuka hata kama pipa halina tone.

Itauliza familia: yanini taabu yote hii, na mtaro upo hapo nje? Mitaro ya katikati ya Kampala, ile ya Kisekka ikiwamo, humwaga katika mfereji wa Nakivubo. Nakivubo huingia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na kutoka ghuba hiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya mji. Umbali kati ya karakana na sufuria ya chai si mkubwa. Oili iliyokusanywa safi huwa na mnunuzi. Iliyochanganywa na maji ya rejeta, mafuta ya breki au petroli haina. Na ile desturi ya kupaka oili chafu kwenye kidonda cha ng'ombe au mbwa iachwe, kwani imebeba masizi na metali za injini, na mikono ya mpakaji nayo haitakiwi kuizoea. Sabuni na maji ya vuguvugu huiondoa ngozini. Petroli huiingiza zaidi.

Kazi ikiisha, mipira itundikwe ncha juu ili isidondoke, na pampu iachwe na oili tumboni. Ikioshwa ikakauka hushika kutu, na siku pipa litakapojaa tena hendeli haitageuka.