Sare ni Dhamana

Mwezi wa Agosti, 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kuyasalimisha mavazi ya kijeshi waliyokuwa nayo. Agizo hilo lilikuwa la haki, kwani wahalifu huitumia sare kuwatisha na kuwaibia watu. Lakini nusu ya kazi hiyo imo ndani ya kambi zenyewe.

Makosa yanajulikana: vifungo kuachwa wazi, kofia kuvaliwa kombo, ndevu zisizonyolewa, viatu visivyong'arishwa, na gwanda kuvaliwa juu ya suruali ya kiraia. Hili la mwisho ndilo la hatari zaidi. Wananchi wakizoea kuwaona askari wa kweli katika nusu sare, watamtambuaje yule wa uongo? Hapa Visiwani, penye Jeshi, KMKM, JKU na vikosi vinginevyo, kila kimoja na vazi lake, uzembe huo hauna nafasi.

Kusahihisha si kumfokea kuruta mbele ya abiria bandarini. Mahali pake ni ukaguzi wa gwaride, na afisa awe wa kwanza kukaguliwa. Aidha, askari mwenye jozi moja tu ya sare halaumiwi ikichakaa. Wa kuulizwa ni bohari na wapangaji wa bajeti.

Sare ni mali ya umma, na aivaaye amekabidhiwa heshima ya umma huo. Tunawasihi wakuu wa vikosi waanze na nafsi zao. Walio chini yao watafuata.