Amplifaya chini ya kiti, mguu wa mtoto juu yake

Septemba jua la Tabora halina huruma. Mvua bado, vumbi jekundu kila mahali, na gari likisimama juani nusu saa usukani haushikiki. Ndiyo siku tuliyotoka Urambo harusini na gari la kaka yangu, limejaa watu, mifuko ya michembe na muziki.

Binti yake wa miaka minne alikaa nyuma. Njiani akaanza, "Shangazi, moto." Tukadhani anasikia joto, tukafungua dirisha. Akasema tena, tukampa maji. Aliponza kulia tukasimama kumtazama: alikuwa amevua viatu, na unyayo mmoja una lengelenge la ukubwa wa sarafu. Amplifaya ilikuwa chini ya kiti cha mbele, imefunikwa kitenge, mfuko wa michembe umeegemea juu yake. Mtoto alikuwa amepenyeza mguu humo.

Mzazi mwenye redio kubwa garini, hili linakuhusu.

Amplifaya haigeuzi umeme wote wa betri kuwa sauti. Zile za mtindo wa zamani, daraja AB, karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto zikipigwa kwa nguvu. Za daraja D hupoteza pungufu ya hapo, lakini nazo huchemka. Ndiyo sababu boksi lake ni la alumini lenye mbavu: mbavu hizo hutoa joto na kulikabidhi kwa hewa. Ukizifunika, joto halina pa kwenda. Na chuma kikifika nyuzi joto 60 kinaweza kuunguza ngozi kwa sekunde chache, ngozi ya mtoto ikiwa nyembamba kuliko yetu.

Dalili tuliiona tukaipuuza. Muziki ulikuwa unakatika wenyewe, kisha unarudi baada ya dakika chache. Kaka akalaumu flashi. Kumbe amplifaya ilikuwa inajizima kujiokoa na joto. Misafara ya zamani iliyopita hapa kwenda Ujiji ilianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Amplifaya yetu tuliichapa saa nane mchana bila kupumzika.

Mwambie fundi aihamishie kwenye buti, aifunge kwenye ubao, si juu ya boksi la sabufa linalotikisika. Iachiwe nafasi ya kiganja kila upande, mbavu zisimame wima ili hewa ya moto ipande, na isifungwe kichwa chini. Kwenye Noah ambako buti na viti ni chumba kimoja, weka kizuizi chenye matundu mapana kati yake na watoto. Feni ndogo ya volti 12, kama za kompyuta, ikipuliza kufuata mbavu inasaidia sana. Vumbi la huku nalo ni blanketi: lifute kwa brashi kavu, gari likiwa limezimwa.

Muulize pia kuhusu spika. Ukiunga mbili za ohm 4 sambamba kwenye njia moja, amplifaya inaona ohm 2 na kuvuta umeme karibu mara mbili. Soma kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye boksi. Waya mwembamba nao huchemka, na fyuzi iwe karibu na betri. Fyuzi ikiungua, usikubali karatasi ya pakiti ya sigara ichukue nafasi yake. Nimeiona kwa macho yangu, na hapo kinachofuata kuungua ni gari.

Sauti ikipungua, joto linapungua, na masikio yanapona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kufupishwa. Ikibidi upige kelele kumsemesha aliye kando yako, mmeshavuka.

Turudi kwenye unyayo. Shemeji alishafungua dumu la asali tuliyopewa harusini, mwingine anatafuta dawa ya meno. Sisi watu wa Tabora asali ni dawa ya kila kitu, lakini jeraha la moto linataka maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, bila barafu na bila kupaka chochote. Tuliomba kwenye nyumba ya jirani na barabara, mama mmoja akatutekea ndoo mbili tukamimina polepole kwa kikombe. Lengelenge hatukulitumbua. Tulifunika kwa kitambaa safi, tukampeleka kituo cha afya, maana mtoto mdogo mwenye lengelenge mguuni ni wa kuonwa na mtaalamu.

Mguu umepona. Amplifaya iko kwenye buti na feni yake. Binti bado hapandi gari hilo mpaka ainame kwanza achungulie chini ya kiti.