Ngalawa Haichongwi kwa Kubahatisha

Wengi huamini kwamba ngalawa ni chombo cha mtu aliyekosa njia nyingine: gogo la mwembe limechimbwa, likatwekwa tanga, basi. Kwa kuwa fundi hachori ramani wala haandiki hesabu, hudhaniwa anabahatisha. Imani hii ni potofu, tena ina madhara, kwani huwatia vijana aibu ya kushika tezo, na huwafanya wanaopanga mafunzo ya ufundi waone hapa hapana cha kufundisha.

Chombo chenyewe kinaikanusha. Mwili wa ngalawa ni mwembamba, hupasua maji kwa wepesi, lakini peke yake ungepinduka mara tanga linapojaa upepo. Fundi hautanui wala hautii farumi. Hufunga miti miwili ya kukingama na kuweka rengu kila upande. Chombo kikilala, rengu la upande uliolala hukandamizwa majini na kukizuia kisipinduke. Marengu hayo ni mbao bapa zilizoinamishwa, hivyo mwendo unapoongezeka maji huzinyanyua. Na kwa kuwa haina mkuku mrefu, ngalawa hupita juu ya matumbawe na kukaa mchangani maji yakipwa, faida kubwa huko Unguja ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Vipimo vyote hivi hutegemeana. Rengu likiwa chini mno huburuta. Likiwa juu mno, chombo hulala sana kabla halijagusa maji. Ubavu ukichongwa mwembamba kupita kiasi hupasuka kwa urahisi. Ukiachwa mnene, chombo huwa kizito. Anayeyapatanisha haya kwa shibiri na jicho anapiga hesabu.

Atauliza mtu: kama ni elimu, mbona haikuandikwa? Maandishi huhifadhi elimu, hayaizai. Mwaka 2018, Lamu, dau la Flipflopi lilishushwa majini likiwa limeundwa kwa taka za plastiki, chini ya fundi Ali Skanda. Dau si ngalawa, lakini ujuzi wa mafundi wale nao ulitokana na kazi ya mikono na mbao, na waliuhamishia kwenye malighafi ambayo wazee wao hawakuijua. Anayeiga tu asichokielewa hawezi kuhama hivyo.

Hoja nzito zaidi ni ya miti, maana magogo manene ya miembe yamekuwa adimu. Ni kweli, na jawabu lake ni kupanda miti na kujifunza kuunga mbao mahali pa gogo moja, kazi inayodai ujuzi zaidi. Wapo pia wanaosifu boti za faiba. Kwa uvuvi wa mbali wenye injini na barafu, zinafaa. Lakini mvuvi wa ndani ya miamba anayetumia upepo hana deni la petroli, na mbao iliyovunjika huzibwa kijijini, ilhali faiba iliyochakaa haiozi.

Tanzania Bara, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Utaratibu kama huo uwafikie wachonga ngalawa wa Unguja na wa Bagamoyo na Mafia, kila upande kwa mamlaka yake, kisha vyuo vya pwani viwaajiri kama walimu, kwa mshahara wa mwalimu. Anayeweza kupatanisha mbao, upepo na maji hastahili kuitwa mbahatishaji na watu wanaokula samaki wanaovuliwa kwa chombo chake.