TAARIFA YA TAWI: KUNI ZA WATOTO WETU ZIINGIE KWENYE VITABU VYA HALMASHAURI

Ndugu wanachama,

Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikutana Jumamosi jioni kupitia rasimu ya mpango na bajeti ya halmashauri kwa kata yetu. Wengi mmetuuliza mmoja mmoja tumeona nini. Tunawajibu wote kwa pamoja, na tunaomba ujumbe usomwe mpaka mwisho kabla ya kusambazwa.

Kwenye mabadiliko ya tabianchi tumeona shughuli mbili tu: kupanda miti siku ya maadhimisho, na mafunzo kwa watendaji, posho na chakula humo humo. Basi. Tulipomuuliza Mheshimiwa Diwani, alisema jambo hilo ni la Serikali Kuu na wafadhili, halmashauri haina uwezo. Diwani ni wa chama chetu. Tulimwombea kura nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hatutamsema pembeni. Naye anaupokea ujumbe huu, na tunamwambia kwa heshima zote kwamba jibu lile hatulikubali.

Kila Jumatatu asubuhi mnawaona watoto wa shule yetu ya msingi, daftari mkono mmoja, kipande cha kuni mkono wa pili. Asiye na kuni analeta hela. Asiye na vyote viwili anajua kinachomsubiri. Sasa fungueni vitabu vya halmashauri mzitafute kuni hizo. Hamtazikuta. Hakuna hati ya malipo, hakuna risiti, hakuna kasma. Mtu yeyote aliyesoma hesabu anajua kwamba gharama isiyoandikwa haijafutika. Kuna mtu mwingine anailipa, na hapa anayelipa ni mzazi na mtoto wake.

Ndiyo maana kila mwaka tunaambiwa jiko la umeme au la gesi ni ghali. Ghali kulinganisha na nini? Linalinganishwa na sifuri! Kuni zimeandikwa sifuri kwa sababu hakuna aliyeziandika. Ziandikwe kuni za mwaka mzima, hela za wasioleta kuni, na matibabu ya mama zetu wapishi wanaotoka jikoni macho mekundu kama waliofiwa. Hapo ndipo tulinganishe, na tuone nani anasema ghali.

Wala hatuombi jambo jipya. Serikali ilikwishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na muda uliotolewa umepita. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Jeshi la Magereza, kwa kushirikiana na Wakala wa Nishati Vijijini, limeanza kuondoa kuni kwenye majiko yake. Hatuna kinyongo na wafungwa, nao ni ndugu zetu. Ila mfungwa kupikiwa kwa gesi wakati mwanafunzi wa darasa la tatu anabeba gogo, hilo diwani atueleze mwenyewe mbele ya wazazi.

Kuna wanaosema umeme hautoshi. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na mitambo yake yote tisa imekamilika. Nguzo ya umeme ipo mita chache kutoka jiko la shule. Kinachokosekana ni fungu la kununua majiko, kutandika nyaya za kubeba mzigo huo, na LUKU ya kila mwezi. Hili la LUKU tunalisisitiza, maana mwalimu mkuu hawezi kulibeba kwa ruzuku ya uendeshaji peke yake. Jiko likifungwa bila fungu la umeme, baada ya muhula mmoja litakuwa kabati la kutunzia mafaili.

Tunasema hivyo kwa sababu tumeshaona. Ipo zahanati moja tunayoijua, ilifungiwa sola kwa msaada. Picha zilipigwa, utepe ukakatwa. Betri zilipokufa hakukuwa na hata shilingi iliyotengwa kununua nyingine. Paneli bado ziko juu ya paa zinameta, na mkunga anazalisha kwa tochi ya simu. Sola haikuwa na kosa. Kosa ni la bajeti iliyopokea mali bila kuandika kwamba mali hiyo huchakaa.

Wengine wanauliza, Tanzania inachafua hewa kiasi gani mpaka tuhangaike? Ni kweli, sehemu yetu ni ndogo mno ukilinganisha na mataifa ya viwanda, na hatuwezi kuibeba dhambi yao. Lakini hali ya hewa haiulizi nani alichafua. Desemba 2023 tope liliwafukia watu Katesh, Hanang. Aprili 2024 Rufiji ilikuwa chini ya maji, na mwezi uliofuata kikaja Kimbunga Hidaya. Mvua ya hivyo ikitua kwetu itaukuta mtaro wa soko umejaa maganda ya ndizi na mabua, kama ulivyo leo.

Na taka hizo nazo zina hesabu yake. Wafanyabiashara wanalipa ushuru, lori linachoma dizeli kuzipeleka dampo, na huko zinaoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko moshi wa lori lenyewe. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko. Sisi tunaweza kuanza na eneo dogo nyuma ya soko na kikundi kimoja cha vijana.

Fedha je? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Kikundi cha mboji au cha mafundi wa majiko kikipata mkopo kwa mkono mmoja na zabuni ya shule kwa mkono wa pili, mkopo huo unarudi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ikapata zaidi ya shilingi bilioni 50. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimeingiza mabilioni kwa hewa ukaa ya msitu wao. Hatusemi halmashauri yetu iuze hatifungani kesho, na msitu kama ule hatuna. Tunasema neno "hatuna uwezo" lithibitishwe kwa tarakimu.

Msimamo wa Tawi ni huu. Fedha za mafunzo na maadhimisho zihamishiwe jiko la shule. Fungu la LUKU na matengenezo liandikwe mwaka huu huu. Diwani alete majibu kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti, maana baada ya Julai Mosi tutabaki tunalalamika.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa kumi jioni, uwanja wa shule. Kila mzazi aje na idadi: vipande vya kuni alivyotoa tangu shule ifunguliwe, na hela alizotoa badala ya kuni. Mabalozi wakusanye za wazee wasioweza kufika. Katibu atakuwa mezani na daftari kuanzia saa tisa. Jumla itasomwa mbele ya Mtendaji wa Mtaa na tutaomba iingizwe kwenye muhtasari.

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.